Daktari amwambieje mgonjwa kwamba unene unamdhuru?

Tabibu wa Kata
Wanajamvi, salaam. Katika zahanati yetu hufika watu wengi wenye shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya magoti, ambao uzito ndio unaochochea maradhi yao. Nikinyamaza, nitaandika dawa tu na chanzo kitabaki palepale. Nikisema, wengine huona nimewatukana, kwa kuwa kwetu kunenepa bado ni dalili ya maisha mazuri, na tangu UKIMWI ulipoingia anayekonda ndiye anayetiliwa shaka. Je, ni haki kumwambia mtu mzima waziwazi kwamba sehemu ya wajibu ni yake?

Mama Tausi
Sema, daktari, ila si kama shangazi kwenye harusi. Mimi niliambiwa "punguza kula" mbele ya foleni nzima, nikaacha kwenda kliniki huku sukari ikipanda. Daktari wa pili alifunga mlango, akaniomba ruhusa ya kuzungumzia uzito, kisha akauliza ninakunywa chai na nini. Nilipoanza kumhesabia maandazi, nilijijibu mwenyewe.

Mkweli Daima
Upole huo usipitilize. Mvuta sigara huambiwa ukweli bila kuzungushwa; kwa nini mnywaji wa soda abembelezwe? Ukimwambia mtu kwamba yote ni urithi, hatabadili chochote.

Nesi Mstaafu
Ndugu Mkweli, sigara huachwa kabisa, chakula hakiachwi. Isitoshe, mtu akipungua, mwili huongeza njaa na kupunguza nguvu unayotumia, ndiyo maana wengi hurudia uzito wa awali. Na zipo dawa, kama insulini na baadhi ya zile za magonjwa ya akili, ambazo zenyewe hunenepesha. Daktari achunguze hayo kabla ya kulaumu. Hata hivyo wajibu wa mgonjwa upo, na unazaa matunda: katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa kasi, dakika 150 kwa wiki, na hatari yao ikashuka kwa asilimia 58. Kwa hiyo mwenye kilo 100 nilikuwa nikimtajia kilo 7, wala simwambii "pungua" tu. Tabibu, mwite pia anayepika nyumbani, kwa sababu mume anayeahidi kupunguza ugali bila mkewe kujua atarudi kwako na uzito uleule.