Ushauri: mwanangu anacheka Garth Marenghi's Darkplace, mimi naona tamthilia mbovu

BabaTumu
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu anasomea utengenezaji wa filamu hapa Uingereza. Juzi kaniwekea hii tamthilia ya Channel 4 ya mwaka 2004, madaktari wa hospitali moja Romford wanapambana na mashetani. Yeye kacheka mpaka kashika mbavu. Mimi naona mdomo wa Dokta Liz unafunguka, sauti inakuja kivyake. Picha zimekatwa hovyo. Bosi wa hospitali akiongea, macho yanakimbilia kamera. Nikamuuliza, "Haya ndiyo mnafundishwa?" Akanyamaza, nikajua nimemuumiza. Ziko sehemu sita, tumeona moja. Nizitazame vipi zilizobaki? Nataka nikae naye tena.

Mkunazi
Mkuu, hivyo ni vichekesho, ubovu wote huo ni wa makusudi. Matthew Holness anaigiza Garth Marenghi, mwandishi wa vitabu vya kutisha anayejiona hana mfano. Garth huyo ndiye anayejipa nafasi ya Dokta Rick Dagless, shujaa wa tamthilia, eti waliirekodi miaka ya 1980. Bosi naye ni Richard Ayoade, anaigiza Dean Learner, mchapishaji wa Garth, aliyepewa nafasi ya bosi na hajui kuigiza kabisa. Macho yanayokimbia ni ya Dean! Ayoade mwenyewe ndiye mwongozaji, na kukosea kwa mpangilio namna ile ni kazi ngumu mno.

Bi Salama
Usiyapuuze yale mahojiano ya akina Garth na Dean yanayokatiza hadithi. Kuna mahali Dean anaeleza kwamba vipindi vilipungua dakika, basi popote pasipo na maneno wakapunguza kasi ya picha. Ukishalisikia hilo, kila mtu akitembea polepole utamwona Dean anahesabu dakika.

Kisiki
Si lazima uipende, kaka. Ila neno ulilomwambia mtoto lirekebishe kwanza. Mwambie akusimamishie picha pale anapocheka, akuonyeshe.

BabaTumu
Nimemwomba radhi. Jana tukaona ile ya madaktari kugeuka nyani. Wakaanza kufukuzana kwa baiskeli, polepole, haiishi. Nikasema, "Hapa dakika zilipungua." Tumu akasimamisha picha, akanigeukia: "Baba, nani kakwambia?" Tumecheka wote wawili, chai imepoa mezani. Leo usiku tunaendelea.