Westlife na ile «Vol. 1» ya mwaka 2002: sehemu ya pili iko wapi?

Kaunta Buku (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, salaam. Naomba msaada katika jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo. Dada yangu mkubwa atatimiza miaka arobaini mwezi ujao, nami nimekusudia kumpa zawadi ya sidii halisi ya mkusanyiko wa vibao vya Westlife, lile kundi la wavulana wa Ireland, uliotoka mwaka 2002, ule unaoitwa Unbreakable: The Greatest Hits Vol. 1, kwa kuwa ndio uliokuwa ukilia nyumbani kwetu Morogoro kila Jumamosi, tangu kufua hadi kuanua.

Nakala tuliyokuwa nayo haikuwa halali. Ilinunuliwa kwa mchuuzi wa stendi, jalada lake lilikuwa karatasi iliyotolewa kopi mara nyingi mno hata nyuso za vijana wale watano zikabaki vivuli, na baada ya wimbo wa kumi na mbili zilifuata, bila taarifa yoyote, nyimbo za kundi jingine kabisa. Dada hakujali. Alikuwa na kaunta buku ambamo alinakili mashairi yote, akisimamisha deki kila baada ya mstari, na pale ambapo hakuwaelewa alijaza maneno yake mwenyewe, ambayo mpaka leo huyaimba kwa kujiamini kuliko wenye wimbo.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, ikiwa ile ilikuwa sehemu ya kwanza, sehemu ya pili ilitoka lini? Nimeitafuta sijaiona. Pili, nimeona mkusanyiko mwingine wa mwaka 2011 unaoitwa Greatest Hits tu, na muuzaji ananihakikishia kwamba una kila kitu kilichomo katika ule wa zamani na zaidi. Je, ni kweli, au anataka kuondoa mzigo dukani?

Mtunza Santuri

Ndugu Kaunta Buku, nianze na jibu fupi: sehemu ya pili yenye jina hilo haikutoka, na muuzaji wako hakusema kweli, ingawa huenda hakukusudia kudanganya.

Sasa jibu refu. Mwaka 2002 Westlife walikuwa na umri wa miaka mitatu na ushei tu sokoni. Singo yao ya kwanza, yaani wimbo unaouzwa peke yake, ilikuwa Swear It Again iliyotoka Aprili 1999, na kufikia Mei 2002, ilipotoka Bop Bop Baby, walikuwa wametoa Uingereza singo 12 kutoka katika albamu tatu: Westlife ya 1999, Coast to Coast ya 2000 na World of Our Own ya 2001. Kati ya hizo 12, kumi zilishika namba moja katika chati ya Uingereza, na saba za mwanzo zilifanya hivyo mfululizo bila kukosa hata moja. Mfululizo huo ulikatwa Desemba 2000, pale What Makes a Man ilipozuiwa katika nafasi ya pili na wimbo wa Bob the Builder, yaani fundi ujenzi wa katuni za watoto. Huwa nacheka kila ninapokumbuka kwamba kundi lililompiku kila mtu lilisimamishwa na kikaragosi mwenye kofia ya njano.

Kwa hiyo hazina ya kujaza albamu ya vibao walikuwa nayo. Swali la kweli ni kwa nini waliharakisha, na kwa nini waliweka ile «Vol. 1». Haya ninayosema ni maoni yangu, lakini tazama yaliyokuwa yametokea kwa makundi ya wavulana kabla yao. Take That walitangaza kuvunjika Februari 1996, na mwaka huohuo ukatoka mkusanyiko wao wa vibao kama mkono wa kwaheri. Boyzone, ndugu zao wa Ireland waliokuwa chini ya meneja yuleyule, Louis Walsh, walitoa By Request mwaka 1999, na punde wakaenda kila mtu na njia yake. Five walivunjika Septemba 2001 na vibao vyao vikafuata kabla ya mwaka kwisha. Shabiki aliyekuwa na akili zake alikuwa amekwishajifunza kwamba kundi la wavulana likikusanya vibao, basi linafunga virago. Ndiyo maana Backstreet Boys, walipotoa mkusanyiko wao Oktoba 2001, waliuita The Hits: Chapter One, yaani sura ya kwanza, na mwaka mmoja baadaye Westlife wakaja na «Vol. 1» yao chini ya jina lenye maana ya kitu kisichovunjika. Jalada zima lilikuwa linamtuliza mnunuzi: usilie, tupo.

Walikuwepo, lakini si wote. Machi 2004 Brian McFadden, ambaye katika majalada ya kundi jina lake liliandikwa Bryan, aliondoka wiki chache kabla ya ziara kuanza, na mwaka huohuo singo yake ya kwanza akiwa peke yake ikashika namba moja. Wanne waliobaki, Shane Filan, Mark Feehily, Kian Egan na Nicky Byrne, waliendelea kutoa albamu karibu kila Novemba, wakati ambapo Waingereza na Waairishi hununua zawadi za Krismasi, isipokuwa mwaka 2008 walipopumzika. «Vol. 2» ingeweza kutoka wakati wowote katika kipindi hicho. Haikutoka. Kilichotoka ni ule mkusanyiko wa Novemba 2011, mwezi mmoja tu baada ya kundi kutangaza kwamba linaachana, na ndio maana haukuitwa sehemu ya pili ya chochote. Tamasha la mwisho lilifanyika katika uwanja wa Croke Park, Dublin, Juni 2012, na hawakurudi pamoja hadi 2018.

Kuhusu yaliyomo: toleo la Uingereza la 2002 lina nyimbo 19. Zipo singo zile 12. Upo When You're Looking Like That, ambao haukuwahi kutolewa Uingereza kama singo ingawa ulitolewa kwingineko. Na zipo nyimbo sita mpya, miongoni mwao Unbreakable wenyewe, uliokuwa namba moja yao ya kumi na moja, pamoja na Tonight na Miss You Nights zilizotolewa pamoja mwaka 2003. Mkusanyiko wa 2011, katika toleo lake la kawaida, ulilazimika kubana miaka kumi na miwili katika sidii moja, ukaingiza Mandy, You Raise Me Up na nyimbo mpya kama Lighthouse, na hivyo baadhi ya singo za mwanzo zikaachwa nje. Kama dada yako alinakili zile za mwanzo, mpe ya 2002.

Mama Wawili

Namheshimu Mtunza Santuri, ila ameipamba sana biashara ya kawaida. «Vol. 1» iliandikwa kwa sababu kampuni ilitaka kuuza mara mbili, basi. Na zile nyimbo sita mpya anazozitaja kama neema zilikuwa mtego: mtu ambaye tayari alikuwa na albamu zote tatu alilazimika kununua tena singo 12 alizonazo ili apate sita asizonazo. Nilikuwa mmoja wao, na fedha ile ilikuwa nauli yangu ya shule ya wiki nzima.

Jambo jingine ambalo hamjaligusa ni kwamba sehemu nzuri ya «vibao vyao» si vyao. I Have a Dream ni wa ABBA, Against All Odds walioimba na Mariah Carey ni wa Phil Collins, Uptown Girl ni wa Billy Joel, na Miss You Nights uliimbwa na Cliff Richard kabla vijana hao hawajazaliwa. Ukiziweka mfululizo katika mkusanyiko mmoja, unaanza kusikia kiwanda. Kaka Kaunta Buku, ningekuwa mimi ningemnunulia dada Coast to Coast, albamu iliyoishinda ya Spice Girls walipotoa kwa wakati mmoja mwaka 2000. Ile inasikilizika kama kitu kilichokusudiwa kuwa kizima.

Mwalimu wa Kwaya

Bibie Mama Wawili ana hoja kuhusu nyimbo za kurudia, lakini Uptown Girl ilirekodiwa mwaka 2001 kwa ajili ya harambee ya hisani ya Comic Relief, kwa hiyo tusiihesabu kama uvivu. Mimi ningependa kuingia kwa mlango wa kaunta buku, kwa sababu nadhani ndipo penye jambo lenyewe.

Nimefundisha kwaya za sekondari kwa muda mrefu, na nimewaona wanafunzi wengi wakifanya alichofanya dada yako, hasa kwa Westlife kuliko kwa makundi ya Marekani yaliyokuwa na mdundo mkali zaidi. Sababu mojawapo ni mwendo: nyimbo hizi ni za polepole, kila neno linatamkwa hadi mwisho, na anayeongoza, mara nyingi Shane au Mark, huachiwa nafasi ya kutosha kabla wenzake hawajaingia. Sababu ya pili ni ya kuchekesha kidogo. If I Let You Go, Fool Again na My Love ziliandikwa na mafundi wa Stockholm, akina Jörgen Elofsson, Per Magnusson na David Kreuger, yaani Waswidi ambao Kiingereza wao pia walijifunza darasani. Huchagua maneno mafupi, yanayojulikana, yenye irabu zilizo wazi, na hawajali sana kama maana inakaa sawa mradi sauti inatiririka. Ni Kiingereza cha mgeni kilichoandikwa kikamfikia mgeni mwingine, na binti wa Morogoro mwenye kalamu alikifuata kwa urahisi kuliko ambavyo angemfuata mshairi wa London.

Kisha kuna ule ufundi wao maarufu. Mnaukumbuka: wamekaa kwenye stuli, ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, kiitikio, kisha daraja ambapo muziki unashuka karibu kunyamaza, halafu ghafla wimbo wote unapanda sauti moja juu, na wote watano wanasimama. Watu wameudhihaki kwa miaka mingi. Lakini jaribuni kuufundisha kwa kwaya ya vijana thelathini, mtaona kwamba si rahisi hata kidogo. Katika Flying Without Wings, uliotungwa na Steve Mac na Wayne Hector, sauti haianzi kujengwa pale inapopanda. Imejengwa tangu mwanzo, kwa kuongeza sauti moja moja za nyuma, hata ukifika kileleni unahisi kwamba ulikuwa unakipanda muda wote bila kujua. Nikiwa na wanafunzi huwa nawaambia wausikilize mara ya kwanza wakifuata besi peke yake.

Kwa hiyo nakubaliana na Mtunza Santuri: ya 2002. Ina sauti tano, zikiwa bado changa, na nyimbo za mwanzo ziko pamoja. Ushauri wa kununua ni mmoja: mwombe muuzaji akupigie picha ya nyuma ya jalada na ya uso wa sidii yenyewe, kisha uhesabu nyimbo. Zisipotimia 19, uliza ni toleo la nchi gani. Na sidii halisi imechapwa maandishi juu ya uso wake. Ikiwa imebandikwa karatasi au imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, achana nayo.

Kaunta Buku

Nawashukuru nyote, akiwemo Mama Wawili, ambaye nauli yake imenigusa. Nitaitafuta Coast to Coast kwa ajili yangu mwenyewe. Muuzaji wa kwanza nilipomwomba picha ya nyuma ya jalada alikaa kimya siku mbili, kisha akaniambia imekwisha. Nimeipata kwa mtu mwingine, imetumika lakini haina mikwaruzo, na leo asubuhi nimehesabu: 19.

Mwalimu, jana nilipita nyumbani wakati dada hayupo nikamwomba mama anionyeshe ile kaunta buku. Ipo, chini ya vitambaa vya makochi. Flying Without Wings umechukua kurasa mbili, kwa wino wa bluu ubeti na wino mwekundu kiitikio, na pale ambapo sauti zote zinaingia kwa pamoja ameacha mistari mitatu mitupu na kuandika pembeni: «hapa wanaongea wote, nitauliza».

Mwalimu wa Kwaya

Mwambie aje aulize. Mistari hiyo mitatu ninayo.