Gari la michezo la kuunganisha kwa mkono: nianze na lipi, na nilipake rangi vipi katika vumbi hili?

Mkazi wa Ilazo, Dodoma

Salaam, wakuu. Ndugu yangu anarejea kutoka Japani mwezi ujao na ameahidi kuniletea kisanduku kimoja cha gari la plastiki la kuunganisha. Magari ya michezo nimeyapenda tangu utotoni, lakini sijawahi kuunganisha hata moja, na kila ninapotafuta nakutana na skeli za 1/32, 1/24 na 1/12. Nimwagize lipi? Na je, rangi nitaipulizia wapi katika mji ambao meza ukiifuta asubuhi, jioni unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole?

Fundi rangi, Chang'ombe

Ndugu, agiza 1/24. Sentimita moja ya gari lako husimama badala ya sentimita 24 za gari halisi, hivyo Mazda MX-5 ya sasa, yenye urefu wa takriban mita 3.9, huwa na sentimita 16 hivi, ukubwa unaotosha kuonyesha dashibodi na usukani. Ile ya 1/12 ni mara mbili ya hapo kwa urefu, na bei yake si ya kujifunzia. Uliza pia kama kisanduku kina injini. Magari mengi ya 1/24 ya Tamiya, kampuni ya Japani, hayana, na kwa anayeanza hiyo ni nafuu kubwa.

Makopo ya rangi asiyabebe kwenye ndege, hayaruhusiwi. Zipo rangi za kupuliza za magari hapa mjini, ila ni kali, na zikimwagwa nzito huila plastiki, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki cha kutupa. Bodi ioshe kwa sabuni ya vyombo ili mafuta ya kiwandani yatoke, ipige praima (rangi ya msingi), kisha rangi yenyewe katika matabaka membamba matatu au manne. Fanya kazi hiyo alfajiri kabla upepo haujaamka, kwa sababu mchana wa jua kali matone hukauka yakiwa hewani na bodi hutoka na vipele kama ganda la chungwa. Mimi hunyunyiza maji sakafuni kwanza, kisha nikimaliza kupuliza hufunika bodi kwa ndoo. Chembe ikinasa, usiiguse kabisa. Subiri siku mbili, uisugue kwa msasa wa maji namba 2000.

Mwalimu, Kondoa

Ninamuunga mkono fundi, isipokuwa kwamba si lazima mtu aanze na rangi. Aoshima, kampuni nyingine ya Japani, wana magari ya 1/32 yanayobanwa bila gundi, na plastiki yake tayari ina rangi.

Akishikilia 1/24, basi vioo asivibandike kwa supa gluu. Mimi nilifanya hivyo, na asubuhi nikakuta ukungu mweupe usiofutika. Siku hizi natumia gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani. Kinachofanya gari lionekane la kweli ni vitu vidogo: matairi yasuguliwe kwa msasa ili yapoteze mng'ao, viti na dashibodi visipakwe rangi inayong'aa, na mistari ya milango na boneti ipitishiwe rangi nyeusi ya mafuta iliyolegezwa sana kwa tapentaini, inayozidi ifutwe. Kwa gari jekundu tumia kahawia iliyoiva, maana nyeusi hulifanya lionekane kama la katuni.

Mpenzi wa mbio, Singida

Kwa nini mnapigana na vumbi? Hasegawa, nao watengenezaji wa Japani, waliwahi kutoa Datsun 240Z ya 1/24 katika sura ya gari lililoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971. Ni jekundu, boneti nyeusi isiyong'aa, na likichafuka ndipo linapopendeza. Stika zake za maji, zile zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa, ni nyingi, zinahitaji subira, lakini vumbi la kulipaka unalo mlangoni.

Mkazi wa Ilazo, Dodoma

Nimeshamwandikia aitafute hiyo Datsun, na akiikosa alete MX-5. Je, vumbi hilo ninalipaka hivi hivi?

Fundi rangi, Chang'ombe

Hapana. Punje ya mchanga ya nusu milimita, katika 1/24 ni jiwe la zaidi ya sentimita moja. Lichekeche kwa soksi ya nailoni, upake kwa brashi kavu nyuma ya matairi na chini ya milango tu.