Geji ya upepo wa tairi: ya bei nafuu inatosha, au ninunue ya ghali?

Mkazi wa Mbezi:
Ndugu wanajamvi, nina gari dogo lililoagizwa Japani, na kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinaelekeza matairi yote yajazwe kPa 220, yaani takribani PSI 32. Nikipita vituo viwili vya mafuta asubuhi hiyohiyo napata vipimo vinavyopishana, kwa hiyo nimeamua kuwa na geji yangu mwenyewe. Kariakoo nimeonyeshwa geji ya kalamu inayouzwa chini ya shilingi 10,000, na geji ya mshale yenye mpira na kitufe cha kupunguzia upepo, ambayo muuzaji hashuki chini ya shilingi 90,000. Naomba kueleweshwa fedha hizo za ziada zinalipia nini hasa.

Fundi Gerezani:
Ndugu, kabla ya bei, tazama namba ya mwisho kwenye uso wa geji. Ndani ya geji nyingi za mshale mna bomba dogo la shaba lililopinda, uvumbuzi ambao Mfaransa Eugène Bourdon aliusajili mwaka 1849. Upepo ukiingia, bomba hujikunjua kidogo na kuuvuta mshale. Usahihi wake kwa kawaida hutajwa kwa asilimia ya kipimo cha juu kabisa, si ya namba unayoisoma. Geji inayoishia PSI 60 yenye kosa la asilimia 2 inaweza kupotoka kwa PSI 1.2, ilhali inayoishia PSI 160, iliyokusudiwa malori, ikiwa na asilimia hiyohiyo inaweza kupotoka kwa PSI 3.2, hata kama umeilipia mara tatu. Kwa gari lako chukua inayoishia 60, kwa sababu mshale utasimama karibu na katikati, mahali ambapo geji za aina hii husoma vizuri zaidi.

Geji ya kalamu ina pistoni inayosukumwa na upepo dhidi ya springi, na kijiti chenye namba huchomoza. Adui yake ni vumbi na mchanga, ambao hukifanya kijiti kikwame. Kwa hiyo ijaribu palepale dukani: pima tairi moja mara kadhaa mfululizo. Ikishuka kidogo kidogo hakuna tatizo, kwa kuwa kila ukibonyeza vali upepo kiasi hutoka. Lakini ikisoma 30, kisha 33, kisha 31, irudishe hata kama inang'aa. Geji ambayo siku zote husoma PSI 2 pungufu unaweza kuishi nayo, maana unajua cha kuongeza. Inayobadilika badilika haina msaada.

Fedha za ziada hulipia zaidi ule mpira, kitufe, na kava ya kukinga geji isivunjike ikianguka. Usahihi unaweza kuwemo au usiwemo.

Dereva wa Mikoani:
Nakubaliana na fundi kuhusu geji, ila naona watu wengi hupotea kwenye muda wa kupima kuliko kwenye bei. Joto likiongezeka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, tairi la gari dogo hupanda kwa karibu PSI 2, na baada ya mwendo wa barabara kuu linaweza kupanda kwa PSI 4 au zaidi. Mwenye geji ya laki moja anayepima matairi yakiwa ya moto, kisha akapunguza upepo, anaondoka na matairi mabovu kuliko mwenye geji ya kalamu aliyepima asubuhi kabla ya kuwasha gari.

Kwa wanaopanda Mbeya kutoka Dar es Salaam, kuna jambo jingine. Geji husoma tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje, na kwenye mwinuko wa mita 1,700 hewa ya nje imepungua kwa takribani kPa 18. Geji itaonyesha nyongeza ya kama PSI 2.6 ambayo hakuna mtu aliyeijaza, ingawa baridi ya huko hurudisha sehemu yake. Msiilaumu geji.

Na za dijitali zinazoandika 32.4 zisiwatishe, desimali ile inaonyesha jinsi kioo kinavyogawanya namba, si jinsi kipimo kilivyo sahihi.

Mkazi wa Mbezi:
Nawashukuru sana. Nikinunua ya bei nafuu, nitailinganisha na ipi?

Fundi Gerezani:
Nenda kwenye karakana ya matairi ambayo geji zake huhakikiwa mara kwa mara, na uwaombe wapime tairi moja lililopoa, kisha upime tairi hilohilo kwa yako. Tofauti utakayoipata iandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye geji. Kwa gari moja dogo ya kalamu inatosha, ila ukipata ya mshale inayoishia 60 kwa bei ya kati, usiiache.