Mgeni kijijini: asikilize msimu mzima au aseme mkutano wa kwanza?

Mtoa mada, Mtama

Wanajamvi, habari za asubuhi. Leteni mawazo, maana jambo hili limetugawa mpaka vijiweni.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji uliopita tulifika ajenda ya mapato na matumizi. Mtendaji akasoma kwamba makato ya kila kilo ya ufuta, yale tuliyokubaliana yajenge zahanati, yameshanunua bati na mbao za kenchi. Akanyoosha mkono kijana mmoja aliyehamia kwetu mwanzoni mwa msimu. Kakodi shamba, kalima kuliko wengi wetu. Akapewa nafasi, akaanza bila hata kutaja jina: "Haya makato kayapitisha nani? Kule nilikotoka mkulima hakatwi hovyo hovyo namna hii. Mnaibiwa halafu mnapiga makofi."

Mguno ulianzia kwa akina mama waliokaa kwenye mikeka ukafika huku kwenye mabenchi. Mzee mmoja akasimama na fimbo yake: "Mwanangu, kaa chini. Hujamaliza hata msimu mmoja hapa." Watu wakashangilia. Mwenyekiti hakusema neno, akaita ajenda inayofuata. Hatujafika mengineyo, kijana kashawasha pikipiki kaondoka.

Sasa kuna wanaosema mzee kafanya vizuri, mgeni ajifunze kwanza. Wengine wanasema kijana ni mkazi, ana haki kama mimi.

Mimi nasimama hivi. Kijana alikosa adabu. Hakujitambulisha, aliwaita watu wajinga kwa njia ya mzunguko, na alifufua jambo tulilozozana mikutano miwili mpaka wengine wakanuniana. Hiyo "kule nilikotoka" ndiyo iliyoudhi kuliko yote. Hakuna mwenyeji atakayeisikia akabaki na moyo wa kukusikiliza. Lakini swali lenyewe, kayapitisha nani, ni halali kabisa. Na nawauliza mlioshangilia: angelijua wapi jibu? Muhtasari umefungiwa kabatini. Siku ile ulisomwa mbio mbio watu bado wanatafuta pa kukaa. Tunamwambia mgeni asikilize kwanza. Haya, asikilize nini?

Mkulima mzee, Nachingwea

Mna haraka vijana. Hakuna aliyesema mgeni azibwe mdomo maisha. Akae msimu mmoja tu: ufuta ulimwe, upaliliwe, uvunwe mwezi wa tano na wa sita, uende ghalani, upigwe mnada, watu walipwe. Akipita humo mwote atakuwa ameshajua nani ana kesi ya mpaka na nani, na yule anayepayuka kila mkutano ni wa kupuuzwa au ndiye mwenye hesabu zake.

Hayo hayaandikwi kwenye muhtasari, mtoa mada, hata ukiubandika ukutani. Kijiji cha jirani yangu mgeni alisimama akapendekeza soko lijengwe kwenye kile kichaka kilicho karibu na barabara. Alipanga vizuri, alitaja mpaka pa kuegesha magari. Kumbe ni makaburini, na wenye makaburi wamekaa mstari wa mbele. Hakuna aliyemtukana. Walimwangalia tu. Tangu siku ile akisema, hata akisema la maana, watu wanaongea yao.

Mfugaji, Kilwa

Mzee wangu, shikamoo. Nakuheshimu, ila kunyamaza msimu mmoja ni rahisi kwako wewe mwenye shamba la urithi.

Sisi tulikuja mkoa huu baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Usangu, 2006 na 2007. Tulifika na ng'ombe, na watu wakituangalia kwa jicho la wasiwasi. Tukaambiwa adabu ya mgeni ni kusikiliza. Tukasikiliza. Wakati tunasikiliza ukapitishwa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, na ulipokuja kuonyeshwa, njia ya ng'ombe kwenda kwenye maji imeshageuka mashamba. Tukauliza. Tukajibiwa, "Si mlikuwepo? Mbona hamkusema?"

Ardhi ya kijiji haigawiwi bila mkutano mkuu kukubali. Kwa hiyo pale ndipo maisha ya mgeni yanapoamuliwa, si barazani wala kwenye kahawa. Usiposema siku ile, ng'ombe wako watakusemea kwenye mahindi ya mtu, na hapo mazungumzo hayatakuwa ya maneno.

Tulichokuja kukielewa ni kwamba hoja ya mgeni haianzii mkutanoni. Unamtanguliza mzee wako akamsalimu mwenyekiti wa kitongoji, mnakaa, mnaeleza shida. Siku ya mkutano hoja inakuwa si ngeni, hata kama aliyeileta ni mgeni. Mzee wa Nachingwea, hata yule wa soko angefanya hivyo angeambiwa mapema habari za makaburi.

Kijana, Mtwara mjini

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe mmempa, mbona mdomo mnamnyima?

Mkulima mzee, Nachingwea

Kwa methali hata mimi ninazo. Mgeni kuku mweupe. Tuendelee na mada.

Mama wa duka, Mikindani

Nyote mnasahau adabu hii ya kunyamaza ilikotoka. Huku kwetu, Wamakonde, Wamwera, Wamakua, Wayao, ukoo unafuata upande wa mama, na zamani mwanamume akioa alihamia kwa wakwe zake. Kwa hiyo mgeni wa kijiji mara nyingi alikuwa mkwe wa mtu. Mkwe hapayuki ukweni, anajulikana kwa kazi ya mikono yake, na akiwa na la kusema anampitishia mkewe, limfikie mjomba mtu. Ilikuwa na maana. Mkwe alikuwa na mtu wa kumsemea.

Huyo kijana wa pikipiki kakodi shamba. Hana mke hapo, hana mjomba. Mnataka anyamaze kama mkwe, wakati hamjampa mtu wa kumsemea?

Halafu nilitupie na hili, mtanisamehe. Mimi nimezaliwa hapa, bibi yangu kazikwa hapa. Nikinyoosha mkono naambiwa "mama subiri kidogo", wanapewa wanaume watatu, halafu muda umekwisha. Mnabishana kuhusu miezi ya mgeni wakati wenyeji wengine tunasubiri zamu toka tuko wasichana. Waliokuwa kwenye mikeka siku ile waliguna tu. Kuna hata mmoja aliyeulizwa anasemaje kuhusu hiyo zahanati?

Mwalimu, Newala

Mama, umesema kweli tupu.

Nilipopangiwa huku nilikuwa na kaneno kamoja mkutanoni: "Naomba kuelimishwa." Sema jina, sema unakaa kitongoji gani, halafu uliza. "Naomba kuelimishwa, makato haya yalipitishwa lini?" Ni swali lile lile la kijana, na wangemjibu huku wanatabasamu. Likijibiwa, usimrukie aliyekujibu hapo hapo, hata kama jibu lina matobo. Mengine niliyamalizia njiani kurudi nyumbani na jirani yangu, ndiye aliyenieleza nani alimaanisha nini.

Mtendaji mstaafu, Masasi

Nianze na sheria, maana nimeona watu wanapima kwa misimu. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Na. 7 ya 1982, inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Haitaji msimu. Haitaji ukoo. Msichanganye na AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Kule ni uanachama, unalipa kiingilio na hisa ndipo unapiga kura. Kijiji hakina kiingilio.

Ila haki ya kusema si haki ya kusema lolote wakati wowote. Kikao kina mpangilio: kufungua, kusoma na kuthibitisha muhtasari, yatokanayo, taarifa, mengineyo, kufunga. Yatokanayo ndiyo shule ya mgeni. Pale anasikia kilichoamuliwa, nani alipewa kazi, imefikia wapi. Mgeni anayechelewa akakuta yatokanayo yamepita asilaumu kuambiwa jambo limeshazungumzwa. Na hoja mpya inasubiri mengineyo, hairukii katikati ya taarifa ya fedha.

Sasa upande wetu. Mtoa mada kagusa kidonda na nitakitonesha zaidi. Watendaji wengi tunausoma muhtasari ili upite, si ili ueleweke. Mahudhurio yakiwa hafifu tunashukuru, kikao kinaisha mapema. Karatasi moja yenye maamuzi ya mkutano, kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, haigharimu kitu. Na mengineyo tunayaweka saa ambayo watu wameshaanza kukung'uta mikeka, kisha tunasema wananchi hawakuwa na la ziada.

Mwenye kosa kubwa siku ile simuoni kuwa kijana wala mzee. Ni mwenyekiti. Kumkalisha mtu ni kazi ya kiti. Angetamka tu, "Ndugu, hilo tulilipitisha mkutano wa tarehe fulani, mtendaji atakuonyesha muhtasari, na lugha ya kuibiwa uifute," wote wawili wangetoka na heshima zao. Alikaa kimya kwa sababu makofi yalikuwa upande wa mzee.

Swali kwa mtoa mada: siku makato yanapitishwa, akidi ilitimia?

Mtoa mada, Mtama

Mkuu, umenishika pabaya. Watu walikuwa wengi, lakini sikumbuki kama walihesabiwa. Nitaliuliza kwenye yatokanayo mkutano ujao, na kwa adabu ya mwalimu wa Newala: naomba kuelimishwa.

Mama wa Mikindani, nimekusoma. Kuna mama mmoja wa kwenye mikeka nilimuuliza jana kisimani. Kumbe yeye mwenyewe alitaka kuuliza mbao za kenchi zimenunuliwa kwa nani, akaona kijana kakalishwa, naye akaacha. Kwa hiyo ile "kaa chini" haikumkalisha mmoja.

Bado sikubaliani na msimu mzima, mzee wangu. Mgeni asikilize yatokanayo, ajitambulishe, aulize, na hoja nzito aitangulize kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akifanya hayo kwenye mkutano wa kwanza, aseme. Kinachonikwaza sasa ni kwamba kijana ameacha hata kusalimia watu, na mvua zikianza tutaonana naye mashambani kila siku. Nani amfuate?

Kijana, Mtwara mjini

Aje mwenyewe aombe radhi, si katukana kijiji?

Mkulima mzee, Nachingwea

Mimi msimu wangu siupunguzi, mjue. Lakini hilo la kumfuata halina mjadala. Aliyemkalisha ndiye aende, tena aende mchana watu wanaona. Na kijana asimsubirie ndani. Akisikia hodi atoke, ampokee fimbo, ampe kiti. Ya makato wataongea wakishakaa.

Mfugaji, Kilwa

Hapo nakuunga mkono, mzee. Ila mwambieni asiende peke yake, aongozane na mwenyekiti wa kijiji. Na yeye ana deni pale.