Naomba ushauri: Peugeot 404 ya 1967 na injini ya Kompressor, nifunge gia boksi ipi?

Kibo_Kaskazini (mtoa mada)
Wakuu, habari za Jumapili na poleni na majukumu. Niende moja kwa moja maana usiku silali.

Nina Peugeot 404 saluni ya mwaka 1967. Bodi nzima, kutu kidogo tu chini ya milango ya nyuma, viti vyake vilevile. Injini ni ile ya cc 1618 iliyolala upande, kabureta moja, farasi sabini na kitu. Kupanda Kibosho na watu wanne unabaki na gia ya pili, mgomba mmoja mmoja unakusalimia. Nimeamua kulifungia injini yenye supachaja (pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini), ya Mercedes C200 Kompressor, cc 1796, farasi 163. Sura ya babu, mapafu ya kijana.

Propela, ile shafti ya kupeleka nguvu matairi ya nyuma, nimeshaongea na fundi wa kuchomelea, ataikata na kuiunga. Swali langu ni moja: gia boksi. Nibaki na otomatiki ya Benz yenyewe au nitafute ya mkono? Gari linatakiwa liwe barabarani kabla ya tarehe 20 Desemba.

Naomba kuwasilisha. Matusi hapana.

Nasubiri_Majibu
Naweka kambi hapa. Anayepita na kahawa asinisahau.

Pistoni_Kavu
Achana na supachaja mkuu. Inazungushwa na mkanda wa injini, maana yake unakula nguvu ili upate nguvu. Tabo inazungushwa na moshi ambao ungeutupa bure. Tafuta 1JZ, injini ya Toyota ya tabo mbili, farasi 280, na swali lako la gia boksi litakuwa limekufa.

Gia_ya_Tano
@Pistoni_Kavu mtu anauliza njia ya kwenda Moshi wewe unamwelekeza Mbeya. Supachaja ikikanyagwa inajibu hapohapo, tabo mpaka ijifikirie. Kwa gari la kupandia milima yuko sahihi.

Pistoni_Kavu
Sawa, ila 1JZ ni 1JZ.

Dada_wa_Himo
Mangi, nyumba umejenga? Mimi nauliza tu. Kuna watu wanaweka milioni kwenye injini na mvua ikinyesha wanahamisha godoro.

Mzee_wa_109
Kijana, nikusimulie. Mwaka 1994 nilikuwa na Land Rover 109, injini ikafa Korogwe. Nikashauriwa nifunge dizeli ya Toyota. Fundi mmoja akanikerezea sahani ya kuunganisha injini na gia boksi, chuma kizuri, kinene, kinang'aa. Kumbe katikati haikukaa sawa, imepotea kama unene wa ukucha. Huo ukucha umenila klachi nne kwa mwaka mmoja. Ukiwa gia ya tatu lever inatetemeka mkononi kama kuku aliyeshikwa miguu. Mama watoto akasema yeye na basi, basi na yeye. Nikaliuza kwa mkulima wa mkonge, nasikia bado linatembea.

Ulikuwa umeuliza nini vile? Otomatiki. Mimi siipendi.

Gerezani_Spea
Mtoa mada, hizo injini tunaziuza hapa kila wiki, kwa hiyo nisikilize kwa makini. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ya Kompressor imefunga ndoa na swichi ya ufunguo na ufunguo wenyewe. Vyote vinatakiwa vitoke gari moja. Ukikosa kimoja, starta inaweza hata isizunguke. Na hiyo otomatiki ya gia tano nayo ina kontroli yake. Umenunua vyote? Taimingi cheni umeisikiliza? Zile zinavutika, na meno ya gia za juu zinazovutwa na hiyo cheni yanalika.

Swali la pili: injini ya zamani iko wapi?

Kibo_Kaskazini (mtoa mada)
Asante @Gerezani_Spea. Kontroli boksi ninayo. Ufunguo na swichi sina, waya zilikatwa na mkasi wakati wa kuchinja gari. Aliyeniuzia amesema kuna mtaalamu wa laptopu atamaliza. Injini nimeshalipa milioni moja na laki nane kwa hiyo tusirudi kwenye suala la kununua au kutonunua. Tuongelee gia boksi.

@Dada_wa_Himo nimejenga, namshukuru Mungu. Vyumba viwili.

Gerezani_Spea
Injini ya zamani iko wapi?

Dada_wa_Himo
Na kwa nini tarehe 20? Huo mwezi Wachaga wote mnarudi nyumbani. Nani anakuja?

Kibo_Kaskazini (mtoa mada)
Haya, niseme maana mnanichimba. Gari ni la mzee wangu. Yuko hai, ana miaka 81, alilinunua 1972 kutoka kwa daktari mmoja aliyekuwa anahama nchi. Tarehe 28 Desemba mdogo wetu wa mwisho anaolewa, na mzee ameshatangaza kwenye kikao cha ukoo kwamba bibi harusi atatolewa nyumbani kwa 404, yeye mwenyewe akiwa mbele. Kaka zangu wanatua tarehe 20.

Mzee anajua gari limeenda kupigwa rangi.

Kabla hamjanirukia: lengo langu ni jema. Mwaka jana lilizima mlimani tukitoka kanisani, watu wakasukuma huku wanacheka, na mzee hakuongea mpaka jioni. Nataka siku hiyo lipande kama mshale. Akiona linavyovuta, atasahau kuuliza.

Nasubiri_Majibu
Kahawa imefika kwa wakati.

Mlokole_wa_Sanya
Waheshimu baba yako na mama yako upate siku nyingi. Umemdanganya mzee wa miaka 81 na bado unaomba gia boksi. Tubu kwanza.

Gia_ya_Tano
Rangi gani umemwambia?

Kibo_Kaskazini (mtoa mada)
Ileile, nyeupe ya maziwa. Kila Jumapili anapiga simu kuuliza kama imekauka.

Mlokole_wa_Sanya
Miezi mingapi?

Kibo_Kaskazini (mtoa mada)
Minne.

Mkerezaji
Nimekaa kimya nasoma, sasa niongee. Nimefanya kazi na 403, 404 na 504 tangu niko mwanafunzi wa gereji. Wadau, hii ni chai, hadithi ya kutunga. Tena chai ya rangi haina hata tangawizi.

Jamaa anasema fundi "atakata propela na kuiunga". 404 haina propela ya wazi! Shafti yake inazunguka ndani ya bomba la chuma, bomba limebanwa kwenye difu (gia za ekseli ya nyuma), na mbele limeshikwa na gia boksi. Lile bomba ndilo linalosukuma gari. Matairi yanasukuma difu, difu linasukuma bomba, bomba linasukuma gia boksi na bodi. Nyuma kuna springi za koili tu na fimbo moja ya kuzuia difu lisiende kushoto na kulia. Ukiliondoa hilo bomba ukaweka propela ya kawaida, siku ya kwanza ukikanyaga mafuta difu linapinduka lenyewe kama samaki kwenye ndoo.

Na difu lenyewe siyo la meno ya kawaida, ni la skrubu inayozungusha gurudumu la shaba. Mtu aliyewahi kulala chini ya 404 hawezi kuandika alichoandika. Huyu ameona picha mtandaoni.

Pistoni_Kavu
Nilijua. Nilijua tangu mwanzo.

Gia_ya_Tano
Hukujua kitu, ulikuwa na 1JZ yako.

Chief_wa_Kijiweni
Huyu si ndiye mwezi wa tano alileta uzi wa kuuliza hesabu ya bodaboda kwa siku? Leo ana Benz ya kuchinja. Watu wana vipaji, waandikie magazeti.

Nasubiri_Majibu
Kwa hiyo harusi haipo? Nilishachagua suti.

Mzee_wa_109
Chai au siyo chai, 404 ilikuwa gari. Msione vijana mnacheka. Safari Rally ilishinda 1963, halafu 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Hizo mbili za 1966 na 1967 ni Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania hii hii, kwa 404 ya injeksheni ya kimakanika, bila kontroli boksi wala laptopu. Mimi nilikuwa mtoto, tulikaa juu ya mwembe kusubiri wapite. Lilipita vumbi, hatukuona gari. Lakini tulishangilia.

Mkerezaji
Shikamoo mzee. Hiyo ni kweli. Ila mtoa mada alete picha ya injini ya zamani ikiwa imelala chini gereji, na kibati cha namba. Akileta nafuta maneno yangu.

Kibo_Kaskazini (mtoa mada)
Nimetoka kuingia chini ya gari sasa hivi na tochi ya simu. Kweli lipo bomba. Mimi nilidhani hilo bomba ndiyo propela. Limeganda tope la miaka, rangi ya matofali, na pale lilipokuwa linakutana na gia boksi kuna kitu cha mviringo kama goti. Fundi alikuwa ameshachora mstari wa chaki katikati, akate Jumatatu.

Mimi si fundi, nafundisha jiografia. Bodaboda ilikuwa ya shemeji.

Mnataka ushahidi: mbele kwenye bampa kuna tundu la hendeli. Mzee kila asubuhi ya baridi alikuwa hatumii starta, anapiga hendeli, kidole gumba amekiweka upande mmoja na vidole vingine, hakizungushi kwenye chuma, kwa sababu injini ikirudisha nyuma inavunja gumba. Alitufundisha hivyo wote watano hata dada zetu. Hendeli hadi leo iko nyuma ya mlango wa stoo, imefungwa gazeti. Kompressor tulipoijaribisha kukaa, tundu lile linatazama feni belti. Na boneti haifungi, inabaki vidole vitatu.

Picha ya injini ya zamani sina.

Mkerezaji
Habari ya kidole gumba haitungwi. Nafuta maneno yangu. Huyo fundi wa chaki mfukuze leo.

Gerezani_Spea
Nauliza mara ya tatu, na hii ni ya mwisho. Injini ya zamani iko wapi?

Kibo_Kaskazini (mtoa mada)
Niliiuza. Laki nne na nusu, pamoja na gia boksi yake. Nilikuwa nimepungukiwa hela ya Kompressor. Aliichukua jamaa wa vyuma chakavu ila aliniambia haivunji, anaipeleka kwa mtu wa pampu ya maji.

Lakini wakuu, tuwe wakweli, injini ile ilikuwa imechoka. Moshi wa bluu. Hata ningebaki nayo ningefanya nini?

Dada_wa_Himo
Ungebadilisha ringi za pistoni, baba. Ringi.

Mlokole_wa_Sanya
Uliuza mali ya mzazi aliye hai.

Mkerezaji
Haya, tufanye kazi. Hesabu zako, bila lawama.

Ukiendelea na Kompressor unahitaji difu jingine la propela ya wazi, mikono minne ya kulishika, na pa kuichomelea mikono hiyo. 404 saluni haina chasisi, ni bodi tu, kwa hiyo unachomelea kwenye bati la karibu miaka sitini. Ukitaka kubaki na difu lako la skrubu, unalipelekea nguvu mara mbili ya ile liliyotengenezewa. Shaba italiwa, na gurudumu lile duka gani utalipata? Halafu breki. Hiyo ya 1967 ni dramu mbele na nyuma. Unashuka Kibosho na farasi 163, bibi harusi nyuma, mzee mbele, dramu zimepata moto, pedali inaingia mpaka chini. Halafu rejeta, pampu ya mafuta, bomba la moshi, waya za mtaalamu wa laptopu. Kadi ya gari nayo ina namba ya injini, lazima ukabadilishe. Leo ni tarehe ngapi?

Ukirudisha injini yake: ringi, bearing, kusaga valvu, kusafisha kabureta, plagi mpya. Kama silinda hazijalika sana, wiki mbili. Itapanda na gia ya pili kama zamani, lakini itapanda.

Kampate huyo wa vyuma chakavu.

Kibo_Kaskazini (mtoa mada)
Nakusikia kaka. Ila sijapata jibu la otomatiki au mkono.

Gia_ya_Tano
🙆

Mzee_wa_109
Kuna bloku ya 404 pikapu kwa jirani yangu hapa Usa River, kuku wanalalia. Kama yako imeshayeyushwa, njoo uone. Bei mtaongea, ila usije na huyo fundi wa chaki.

Kibo_Kaskazini (mtoa mada)
Mrejesho, Jumatano.

Nimempata jamaa. Haijayeyushwa. Wa pampu alifungua hedi akaona moshi ule akairudisha. Bloku ipo, krenki ipo, gia boksi ipo, hedi iko kwenye ndoo ya dizeli pamoja na spana zake. Kabureta imeuzwa. Anataka laki tisa. Nikamkumbusha alinipa laki nne na nusu, akasema hiyo ilikuwa bei ya chuma, hii ni bei ya mtu mwenye shida.

Nimelipa laki tatu, natafuta nyingine. Mzee amepiga simu leo pia, nikamwambia rangi imekauka, sasa wanapiga polishi. Akaniambia wasisahau kupaka grisi kwenye tundu la hendeli.

@Mzee_wa_109 hao kuku wanalalia na kabureta? @Mkerezaji kesho nakupigia.

Mkerezaji
Saa moja asubuhi. Njoo na hiyo ndoo, usimwage kitu.

Dada_wa_Himo
Hapo sawa. Na Kompressor uiuze upate hela ya shela.

Kibo_Kaskazini (mtoa mada)
Kuhusu hilo, nisiwe na haraka. Kuna mwalimu mwenzangu ana Toyota Cresta GX81, injini imekufa, bodi safi sana, anaiuza bei ya kutupa. Ile ina propela ya wazi, nimeangalia mwenyewe na tochi. Naulizia tu, hapo otomatiki au mkono?

Pistoni_Kavu
1JZ.

Gerezani_Spea
Mods, fungeni uzi.