Tupeane uzoefu: neno moja la Kiingereza, kila mji na matamshi yake

Mti Mkavu

Wakuu, heshima kwenu.

Shuleni tulifundishwa Kiingereza kana kwamba wenyewe wanakitamka kwa mdomo mmoja. Mwalimu akasema "wota", tukaandika *water*, mtihani tukafaulu. Halafu mtu anafika Philadelphia, anaomba maji mgahawani, mhudumu anamuuliza "wuda?" Hapo ndipo unapojua kuwa hata kwenye maji tu wenye lugha yao hawajakubaliana.

Nianze na hilohilo *water*, maana ndilo lililonizibua masikio. London, watu wengi wa mitaani hawaitamki *t*. Wanaikata kooni, linabaki "wo-a", katikati pumzi imesimama kidogo. Marekani, *t* ikikaa kati ya vokali inageuka. Wao watakwambia inakuwa *d*, lakini kwa sikio la Mswahili ile ni r yetu, r ya "kura" na "bara": ulimi unagusa juu mara moja tu na kushuka. Jaribuni wenyewe. *City* inakuwa "siri". *Better* inakuwa "bera". *Computer*, "kompyura". Tangu nilipoligundua hilo, filamu za Kimarekani nazifuata bila maandishi ya chini. Zimejaa r za Kiswahili, na mimi muda wote nilikuwa nasubiri t.

Ninachosema ni kwamba tofauti hizi haziendi ovyo. Kila eneo lina kanuni yake, na ukiijua hiyo kanuni watu wa huko wanaanza kusikika. Kwa hiyo anayeleta kisa alete na sauti, aiandike kwa herufi zetu ili sote tuisikie. Kucheka ruksa.

Shangazi wa Leeds

Mimi niko Yorkshire, kaskazini mwa England, miaka mingi sasa, nahudumia wazee kwenye makao yao. Huku *bus* ni "bus" yenye u kabisa, u ya "kubwa". *Cup* ni "kup", *Monday* ni "Mundei", *love* ni "luv". Anayesema "kap" wazee wangu wanamwona anaringa. Halafu kuna *bath* na *grass*. Kusini wanavuta a, "baath", "graas". Huku inakatwa fupi. Kuna bibi mmoja binti yake ameolewa karibu na London; siku akija kumsalimia akasema "baath", mama, ambaye masikioni mwake a hiyo ndefu ni kama "ar", anamrudishia palepale: "Mwanangu, neno hilo halina r." Wamezozana hivyo kila Jumapili tangu niwafahamu, na wote wawili wanafurahia.

Msidhani wa kaskazini ndio walioharibu. Hiyo u ndiyo ya zamani. Mpaka miaka ya 1600 England nzima ilikuwa inatamka u, kisha kusini wakaanza kuisogeza kuelekea a. Hawa wa huku wamekaa walipokuwa.

Na mambo haya huko nyuma yaliwahi kuwa makubwa. Mwaka 1941, vita imepamba moto, BBC walimpa Wilfred Pickles, mtu wa Halifax hapahapa Yorkshire, asome taarifa ya habari ya taifa. Kumaliza badala ya *good night* akasema "gud niit", kama kwao. Malalamiko yakamiminika. Usiku watu wanaangushiwa mabomu, asubuhi wanaandika barua kulalamikia vokali!

Dereva wa Usiku

Shangazi shikamoo. Mimi niko Tennessee, naendesha lori.

Kusini mwa Marekani *pen* na *pin* ni kitu kimoja, zote "pin". Unaomba kalamu ghalani usaini karatasi za mzigo, karani anakuuliza: ya kuandikia au ya kubania? Wenyewe wameshatafuta dawa, wanasema *ink pen*. Na ile "ai" wanainyoosha: *nice* ni "naas", *ice* ni "aas", *five* ni "faav". Siku moja mwenzangu kwenye redio ya barabarani ananionya polisi wako "maal faav". Nikabaki nawaza huyo Faav ni nani. Kumbe *mile five*.

Kijana wa Kilimani

Ofisini kwetu Nairobi bosi mmoja alisomea Uingereza, anasema "shedyul". Mwingine alisomea Marekani, yeye ni "skejul". Sisi tulio chini yao tumeamua ni ratiba. Imeisha hiyo.

Mjomba Bukavu

Ndugu zangu, nawasalimia kutoka Lexington, Kentucky. Sisi Wakongo huku tuko wengi. Kifaransa ndicho nilichosomea toka utoto, kwa hiyo mimi shida yangu ni ya kinyume na yenu.

Pembeni ya hapa kuna mji unaandikwa *Versailles*, sawasawa na ule wa wafalme wa Ufaransa. Nilipata kazi kule. Nikamwambia jirani yangu, mzaliwa wa hapahapa, kwamba nitakuwa nikienda "Versai" kila siku. Akatikisa kichwa, mji huo haujui. Nikamwandikia kwenye simu. Akacheka: "Aaah, Verseilz!" Wanazitamka zote, hata s ya mwisho ambayo Mfaransa mwenyewe hajawahi kuigusa. Nikanyamaza, mji ni wao.

Basi toka siku hiyo nauliza kwanza. *Louisville* ni "Luavul", tena wanaimeza. *Houston* ya Texas ni "Hyuston", lakini kuna barabara New York imeandikwa vilevile na inaitwa "Hauston". *Kansas* ni "Kanzas", ukiongeza *Ar* mbele unatarajia "Arkanzas", hapana, ni "Arkanso". Hiyo mtu asinidai kanuni.

Mama Swaumu

Afadhali yako Mjomba, nyinyi mnatamkiwa herufi zote. Huku England wanazitupa. *Leicester* ni "Lesta". *Worcester* ni "Wusta". *Gloucester* ni "Glosta". *Greenwich* ni "Grenich". Aliyenipa somo ni mzee wa Kihindi mwenye duka hapa Leicester, mmoja wa wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 wakaja kuanza upya hapa. Nilikuwa nauliza nauli, akanijibu kwa Kiswahili, tena kisafi: "Mama, ukimwambia dereva 'Leisesta' atajua umeshuka leo, atakuzungusha." Tangu hapo mchele nanunua kwake tu.

Kalamu Nyekundu

Kwa heshima zote, naona mnapoteza muda. Kiingereza sahihi kipo, ni kile cha watangazaji wa BBC ya zamani. Hayo mengine ni lafudhi za vijijini, kama kila lugha ilivyo nazo.

Mti Mkavu

Mkuu, sahihi kwa nani na mwaka gani? Chukua r tu. Ile BBC yako haiitamki r ya mwisho: *car* ni "kaa", *floor* ni "floo". Lakini Waingereza waliovuka bahari kwenda Amerika miaka ya 1600 walikuwa wakiitamka. London ndiyo iliyokuja kuiacha baadaye, kufikia mwisho wa miaka ya 1700, na kuiacha kukawa dalili ya ustaarabu. Miji ya Marekani iliyokuwa na uhusiano wa karibu na Uingereza ikaiga, Boston na New York zikiwemo.

Sasa angalia inavyogeuka. Mwaka 1962 mwanaisimu William Labov aliingia kwenye maduka matatu makubwa ya New York: Saks ya matajiri, Macy's ya watu wa kati, na S. Klein ya wanyonge. Alikuwa anawauliza wafanyakazi bidhaa ambayo anajua fika iko ghorofa ya nne, wamjibu *fourth floor*. Maneno mawili, nafasi mbili za r. Halafu anajifanya hakusikia ili warudie kwa makini. Saks ndiko r ilikosikika zaidi, Macy's wakafuata, S. Klein wakawa wa mwisho. Yaani London kuitamka r ni ushamba, New York kutoitamka ndio ushamba. R ni ileile, imebadilika jamii inayoitazama.

Mwalimu wa Makorora

Mti Mkavu umenikumbusha jambo. Ukitaka kujua waliotuletea maneno walikuwa Waingereza wa kusini, angalia yalivyoingia kwetu: nesi, shati, skati, bia, motokaa. Kwenye maandishi yao yote yana r, kwetu haikufika, maana masikio ya babu zetu hayakuisikia. Wangekuja Waskoti peke yao huenda leo tungekuwa tunavaa "shirti". Na "basi" letu lina a, kwa hiyo Shangazi, watu wako wa Leeds hawakuhusika.

Nesi wa Baridi

Nyie mnacheka, mimi kwangu hii ni kazi. Niko Minnesota wodini, na neno linalotusumbua wageni wote ni *can't*. Uingereza huwezi kukosea: *can* ni "kan", *can't* ni "kaant", vokali zimeachana. Mmarekani anatumia vokali moja, na ile *t* ya mwisho anaibana isitoke. Mwenzetu mmoja mgeni aliandika kwenye faili kwamba mzee fulani anaweza kusimama mwenyewe, kumbe mzee alisema hawezi. Bahati msimamizi alirudi kumuuliza kabla hawajamshusha kitandani.

Dawa yake niliipata kwa nesi wa Kifilipino, na wageni wote nawafundisha hivyo. Usiitafute *t*, sikiliza uzito. Akisema *I can stand*, neno la katikati linamezwa, "ai kn STEND", nguvu yote iko kwenye kusimama. Akisema *I can't stand*, la katikati nalo linasimama: "ai KEEN STEND". Ukiwa bado una shaka muulize kwa njia nyingine, unaweza au huwezi, na umwache akuonyeshe.

Mnara Mmoja

Huo wasiwasi wa Nesi ndio uliotufanya sisi wa mawasiliano ya ndege tuwe na matamshi yetu, hayana mwenyewe. ICAO, shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, limepanga hadi namba zitamkwe vipi. 3 ni "tri", ile *th* imeondolewa kwa sababu nusu ya dunia haiwezi. 4 ni "fowa". 5 ni "faif". 9 ni "naina", maana *five* na *nine* zina vokali moja na redio ikikoroma hutazitenganisha. *Thousand* ni "tau-sand". Mwalimu wako wa sekondari angekuchapa kwa "tri", hapa ndiyo inayotakiwa. Ingawa nikiri, marubani wengine wenye Kiingereza chao cha kuzaliwa ndio wavivu zaidi kuifuata.

Bi Auckland

New Zealand fupi tu: *fish and chips* ni "fash en chaps", hiyo a imefifia, haifunguki vizuri. *Pen* inasikika "pin", *bed* inasikika "bid". *Bear* na *beer* kwa wengi ni sauti moja, mnyama na kinywaji, uelewe kwa mazingira. Waaustralia wanatucheka, na wao *today* yao ni "tudai".

Kh ya Pwani

Nani amesema Kiskoti kigumu? Niko Glasgow. *House* ni "hus", *down* ni "dun", *about* ni "abut". Hiyo ni u ya kale ambayo England waliigeuza kuwa "au", Waskoti wakabaki nayo. R inagongwa kama yetu. *Loch*, ile ziwa yao, Waingereza wenyewe wanaiita "lok". Mimi mtu wa Mombasa niliyekulia "kheri" na "khofu" niliisema siku ya kwanza ikakaa sawa, bosi akaniuliza nina ndugu Scotland?

Begi Jeusi

Shikamoo shangazi wa Leeds. Naanza masomo Liverpool mwezi ujao. Ni kama kwenu tu au kuna jipya?

Shangazi wa Leeds

Marahaba mwanangu. U ni ileile, "bus" na "kup". Jipya ni k. Mwisho wa neno wanaikwaruza inakuwa kh: *back* ni "bakh", *book* ni "bukh", na wazee huivuta, "buukh". Hata katikati ya neno, *chicken* ni "chikhin". Muombe huyo wa Mombasa akutumie sauti. Na wanaongea mbio, sauti inapanda mwishoni hata kama hawaulizi kitu, usiwajibu kila mara. Chukua koti zito, lile la upepo.